Mwalimu Nyerere katika mizani ya mkulima wa Meru

Kila ifikapo Oktoba 14 nchi hupumzika kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia London mwaka 1999. Redio hurudia hotuba zake na sifa huwa nyingi. Lakini mkulima wa kahawa na migomba wa Poli au Nkoaranga, na mwenye duka karibu na Soko Kuu la Arusha, wana haki ya kumpima kwa kipimo chao: aliacha nini shambani na dukani?

Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954 chini ya uongozi wake, Wameru walikuwa wamekwisha kupigania ardhi yao. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, na nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Nyerere alifika huko kwa niaba ya TANU mwaka 1955. Njia ilikuwa imeshakanyagwa na Mmeru, jambo ambalo wengi hulisahau.

Ardhi ndiyo faida ya kwanza katika hesabu ya Mwalimu. Mwaka 1958 wakoloni walipopendekeza Waafrika waweze kumiliki ardhi moja kwa moja kama bidhaa, alipinga kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini watauza, wenye fedha wachache watanunua, na wananchi watageuka wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa milele ulifutwa na ardhi ikawa ya umma. Sheria za ardhi za 1999 hazikuugusa msingi huo. Wapo wanaolalamika kuwa mfumo huu umemnyima mkulima dhamana ya mkopo, na hawakosei. Ni kweli pia kwamba vihamba vinakatwa viwanja kandokando ya barabara ya Moshi. Hata hivyo, mkulima mdogo aliyekuwa na mwaka mmoja mbaya hakupoteza kihamba cha babu yake kwa mnada wa benki, na kwa watu waliokwisha kuonja Engare Nanyuki hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa biashara hesabu ni ngumu zaidi. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha Januari 26 hadi 29, 1967 na kupitisha Azimio lililobeba jina la mji huo. Lilitangazwa Dar es Salaam Februari 5, na mabenki yakataifishwa mara moja. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha au mishahara miwili. Arusha ilipata viwanda kama General Tyre, ambacho hatimaye kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Ilipata pia makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Kosa hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Kwa mfanyabiashara wa Arusha, ambaye Namanga ni jirani yake, ilikuwa miaka sita ya njia za panya.

Operesheni Vijiji haikuwaumiza sana wakulima wa miteremko ya Meru. Walikuwa wamebanana tayari, na vijiji viliandikishwa palepale walipokuwa wakiishi.

Kilichowagusa mfukoni ni amri ya 1976 ya kuvunja vyama vikuu vya ushirika. Kabla ya hapo mkulima alipeleka kahawa yake iliyokaushwa kwenye chama cha msingi, ikapimwa, akalipwa malipo ya awali, na baada ya mnada wa Moshi akasubiri nyongeza. Muhimu zaidi, kwenye mkutano mkuu aliweza kusimama na kuuliza kila senti ilikokwenda, na kamati ikiboronga aliiondoa kwa kura. Wizi ulikuwepo, tena mwingi, na serikali ilikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini dawa iliyotolewa ilimuua mgonjwa. Mamlaka ya Kahawa iliyofuata iliongozwa na watu wa kuteuliwa, na gharama zake zilikatwa katika bei ya mkulima.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kupita kiasi. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa imepaa. Mavuno ya bei hiyo yaliwakuta wakulima hawana chombo chao cha kuwasemea. Wengi waliiacha mibuni izeeke, wakageukia migomba, ng'ombe wa maziwa na mboga. Mwalimu mwenyewe, kabla ya kuondoka madarakani, alikiri kuwa kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Sheria ya 1982 iliurudisha, lakini imani ya wanachama haikurudi kwa sheria. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa msimu wa 1994/95, vyama vingi havikuwa na nguvu ya kushindana nao.

Novemba 1985 Nyerere aliacha urais wakati madukani sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni. Kwa mantiki ya kawaida angepaswa kuchukiwa. Badala yake alirudi Butiama kulima, bila mali ya kutiliwa shaka, na kadiri tuhuma za rushwa zilivyoongezeka baada yake ndivyo jina lake lilivyopanda. Hotuba zake za 1995 dhidi ya rushwa bado zinasikilizwa na vijana ambao hawakuwahi kupanga foleni ya unga.

Miaka yake ya mwisho alikuja Arusha mara kwa mara kusuluhisha Warundi. Jumuiya ilikuwa ikifufuliwa, na mkataba wake mpya ulitiwa saini mjini humo Novemba 30, 1999, takriban wiki saba baada ya yeye kufariki.