Harry Thuku na Insha ya Maoni

Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kuwafundisha watoto kuandika maoni aghalabu huwauliza: embe au chungwa, lipi bora, na kwa nini? Si vibaya. Hata hivyo, mwalimu wa Nairobi anao mfano mzito zaidi katika maisha ya Harry Thuku, ambaye jina lake limepewa barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, akasoma miaka minne hivi katika shule ya misheni. Alipoingia Nairobi mwaka 1911 alifanya kazi mbalimbali, ikiwemo kupanga herufi katika gazeti la walowezi, The Leader. Humo walowezi walitoa rai zao juu ya Mwafrika, na rai hizo zilipita mikononi mwake herufi baada ya herufi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa darasa lake la insha.

Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kipande kilikuwa kimekwisha kuwabana watu, kodi imepanda, na wasichana walishurutishwa kufanya kazi mashambani. Thuku, wakati huo karani wa simu katika Hazina ya serikali, akaanzisha chama. Tarehe 24 Juni machifu walikutana na maafisa wa serikali kule Dagoretti kueleza malalamiko yao, naye alikuwepo. Mwezi uliofuata alipeleka telegramu London. Telegramu ililipiwa kwa idadi ya maneno, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya mapambo: ilitaja kilichouma na kilichotakiwa. Katika miaka ya KCPE (1985–2023) wanafunzi wengi walikaririshwa methali na tashbihi za kufungulia insha, huku hoja ikisahauliwa. Thuku alitoa pia karatasi ya Kiswahili, Tangazo, kwani Nairobi ilikuwa na watu wa makabila mengi.

Machifu waliikana telegramu ile. Walidai hawakumtuma. Hapa pana swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne analiweza: anayeandika “sisi” anawasemea akina nani, na je, wamekubali?

Thuku alifutwa kazi, kisha akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu na kwingineko, asirudi hadi 1931.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alishirikiana na serikali, akaipinga Mau Mau, akalima kahawa Kambui hadi alipofariki tarehe 14 Juni 1970. Wapo wasiomsamehe hadi leo. Mimi ningewapa wanafunzi nusu zote mbili za maisha yake, kisha niwaachie kalamu.