Tom Mboya na Karo za Watoto wa Wengine

Wenzangu wa darasa la mwisho, tulipotakiwa kuandika habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, wengi wamechagua wafalme na majemadari wa vita. Mimi nimemchagua Bwana Tom Mboya wa Kenya, jirani zetu. Najua ya kuwa ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii mnamkumbuka zaidi kwa siasa na kwa kifo chake. Lakini mimi sitakaa sana kwenye siasa. Nataka kueleza habari za karo, maana hilo ndilo jambo lililomzuia yeye alipokuwa kijana, na ndilo alilowaondolea vijana wengine alipokuwa mtu mzima.

Jina lake kamili ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge la Mzungu, chini ya mlima Kilimambogo, si mbali na Thika. Baba yake, Mzee Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara wa vibarua pale. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Sisi watu wa Tororo, upande huu wa mpaka, tunasema lugha iliyo ndugu na Kijaluo, kwa hiyo jina lake halikuwa geni nyumbani kwetu. Kwa kuwa alikulia ugenini, mtoto huyu alijua Kijaluo cha wazazi, Kikamba cha watoto aliocheza nao, na Kiswahili cha kambi. Baadaye lugha hizi zilimfaa kuliko cheti chochote.

Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: kwanza Kabaa, kisha Yala kule Nyanza, kisha Mangu. Alikuwa mwepesi wa kufahamu, na mtihani wake alifaulu. Hata hivyo mwaka 1947 masomo yake ya shule yalikatika. Hakufukuzwa, wala hakushindwa na hesabu. Mshahara wa mnyapara wa mkonge ulikuwa mdogo, na nyuma yake walikuwapo wadogo zake waliotakiwa kusoma nao. Basi kijana akatafuta mahali ambapo mwanafunzi hulipwa badala ya kulipa, akaingia Kabete mwaka 1948 kujifunza kazi ya Bwana Afya, kwa sababu wanafunzi wa kazi ile walipewa posho kidogo. Naomba msomaji alishike jambo hili. Mtu ambaye baadaye alijadiliana na mawaziri wa Uingereza juu ya uhuru wa nchi yake, alichagua kazi ya kukagua maziwa na vyoo kwa sababu ya posho.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Alifanya kazi ile ile aliyofanya Bwana Afya wa Kizungu, lakini mshahara wake ulikuwa kama sehemu moja tu kwa tano za mshahara wa mwenzake. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima vitu, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya akamwuliza kwa adabu kama macho yake yana kasoro. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye.

Mambo yaliyofuata nitayapita kwa haraka, maana yameandikwa katika vitabu vingi. Aliingia katika chama cha wafanyakazi. Na wakati wa Hali ya Hatari, Kenyatta na wenzake walipokuwa wamefungwa na vyama vya siasa vimepigwa marufuku, vyama vya wafanyakazi vikawa karibu ndiyo sauti pekee ya Waafrika. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa muungano wa vyama hivyo. Mwaka 1955 aliwasaidia makuli wa bandari ya Mombasa kupatana na waajiri wao baada ya mgomo mkubwa. Mwaka ule ule alipata msaada wa masomo, akaenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra. Umri wake ulikuwa miaka 28.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Katika miaka ile Afrika ya Mashariki yote ilikuwa na chuo kimoja tu cha kusomea shahada, nacho ni Makerere hapa kwetu Uganda. Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956, lakini hakikuwa bado chuo kikuu. Nafasi za Makerere zilikuwa chache, na vijana waliofaulu mitihani bila kupata pa kwenda walizidi kila mwaka. Wengine waliandika barua Marekani wenyewe, wakajibiwa na vyuo kwamba nafasi iko na karo imesamehewa. Lakini nani angelipa nauli ya ndege? Mwalimu wa shule ya kijijini asingeweza kuiweka akiba nauli ile hata kwa miaka mingi.

Mboya alikwenda Marekani mara ya kwanza mwaka 1956, akafanya urafiki na mfanyabiashara mmoja aitwaye William Scheinman, ambaye alianza kuwalipia nauli wanafunzi wachache kwa fedha zake. Aprili 1959 Mboya alirudi kule, akazunguka kwa wiki nyingi akihutubia katika vyuo, makanisa na mikutano ya wafanyakazi. Kila alipopita aliomba nafasi za masomo. Kikaundwa chama cha kuwasaidia wanafunzi wa Afrika, naye Scheinman akawa kiongozi wake. Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji wa sinema, walitia sahihi barua ya kuwaomba watu fedha. Maelfu ya watu walitoa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, na miongoni mwao walikuwamo Wamarekani weusi ambao watoto wao wenyewe walikuwa wakizuiwa katika shule nyingi za nchi yao.

Huo ulikuwa mfuko wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa vyuo vyenyewe, vilivyosamehe karo. Lakini ulikuwapo na mfuko wa tatu, nao ndio ambao waandishi wengi huutaja kwa mstari mmoja kisha wakaendelea. Mwanafunzi hawezi kuishi kwa tiketi. Alihitaji koti, viatu, na fedha za matumizi mpaka apate kazi ya likizo. Fedha hizo zilitoka vijijini Kenya. Jamaa waliuza ng'ombe na mbuzi, wengine waliuza hata shamba. Watu walialikana kwenye karamu za chai na ngoma, kila aliyekunywa kikombe akaacha shilingi zake mezani. Bibi aliyetoa senti zake hakutumaini kuipanda ndege ile, wala pengine mjukuu wake asingeipanda. Alimtolea mtoto wa jirani.

Septemba 1959 ndege moja iliyokodiwa iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mmoja wao alikuwa Pamela Odede, ambaye baadaye aliolewa na Mboya mwaka 1962. Watu wengi husema kwamba baba yake Rais Obama alikuwamo katika ndege hiyo. Si kweli. Yeye alikwenda Hawaii mwaka ule ule kwa njia yake, ingawa chama kile kilimsaidia baadaye.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilisema kwamba vyuo vingi vya Marekani ni vidogo na hafifu, na kwamba vijana watateseka huko. Kwa maoni yangu neno la pili lilikuwa na ukweli: wengi waliosha vyombo na kufagia ili wapate chakula. Neno la kwanza silikubali. Mtu aliyenyimwa mlango wa mbele hapaswi kulaumiwa akipita wa nyuma.

Mwaka 1960 majina yalizidi mara tatu na zaidi, na fedha hazikutosha. Serikali ya Marekani iliombwa ndege ikakataa. Mwezi wa Julai Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kennedy alikuwa anagombea urais, na mara serikali iliyokuwa imekataa ikageuka na kutaka kulipa! Mwaka ule wanafunzi wapatao 300 walisafiri, nao hawakuwa wa Kenya peke yake. Walikuwamo wa Tanganyika, wa Uganda na wa nchi nyingine za kusini. Msichana mmoja kutoka Nyeri alikwenda Kansas kusoma elimu ya viumbe. Huyo ni Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hadi mwaka 1963 jumla ya waliosafirishwa ilifika karibu 800.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu hizo. Majina ya wanafunzi yaliteuliwa na Mboya pamoja na Dakta Gikonyo Kiano na Bwana Kariuki Njiiri. Kiano na Njiiri ni Wakikuyu, na wote wawili walikuwa wamesoma Marekani. Mboya ni mtu wa Rusinga. Hivyo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba orodha ni ya ukoo mmoja. Nalisema hili kwa sababu mimi ninasoma kwa mchango. Karo yangu ya miaka miwili hii imetoka kwa waumini wa parokia yetu, katika vikapu vya mayai na mihogo iliyouzwa baada ya Misa. Mwakani kamati ina fedha za kumpeleka mtu mmoja tu chuoni, nasi tulioomba ni wawili: mimi na binti wa jirani yetu, ambaye katika hesabu ananishinda. Wajumbe wote wa kamati wanatoka upande wa kwetu. Nimewaandikia wazee hao nikiwaomba waongeze watu wawili wa upande wa kwao, na alama zetu zisomwe mbele ya waliotoa mayai. Baba hakufurahi. Jibu litatoka baada ya Pasaka.

Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu mwaka 1960, na baada ya uhuru alikuwa waziri, mwisho Waziri wa Mipango ya Uchumi. Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969, alitoka katika duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, Nairobi, akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa kifo mwaka ule ule. Mwili ulichukuliwa kwa safari ndefu mpaka Rusinga, akazikwa huko, na juu ya kaburi lake limejengwa jengo lenye umbo la risasi.

Shahada ya kusomea darasani hakuipata kamwe. Aliyokuwa nayo ni ya heshima, aliyopewa na Howard University mwaka 1959, katika safari ile ile aliyokuwa akiwaombea wengine. Alipokufa, wengi wa wale 81 walikuwa wamekwisha kurudi, wakifundisha, wakitibu wagonjwa, na wengine wakikaa katika ofisi ambazo Wazungu walikuwa wameziacha.