Daktari Trowell na Maradhi ya Mtoto Aliyeachishwa Ziwa



Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu habari za maulamaa na watu wema wa zamani. Mara hii tunaeleza maisha ya tabibu wa Kiingereza asiyekuwa wa dini yetu, wala hatufichi kwamba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mwishowe akawa kasisi. Atakayeuliza kwa nini, na asome kwanza yaliyotukia Mtito Andei.

Mji huo uko kati ya Mombasa na Nairobi, katika kaunti ya Makueni, na wasafiri wengi wa pwani hushuka hapo kuswali na kula. Tulikuwa hapo kwa darasa ya siku mbili alipoletwa msikitini mtoto wa kiasi cha miaka miwili. Miguu yake imevimba, mashavu yamejaa, nywele zimegeuka nyekundu na kupungua, na ngozi ya mapaja yabambuka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Hakuwa akicheza, wala hakuwa na nguvu ya kulia. Mama yake alikuwa amembeba mwingine mchanga. Tulitakiwa tumwandikie kombe. Na nyuma ya mama yule watu walikuwa wakinong'ona neno ambalo kila mtu wa pwani analijua, kwamba mtoto amebemendwa. Ndugu zetu wa Kigiriama huita jambo hilo chirwa. Maana yake ni kwamba baba au mama amezini, na uovu wake umemwangukia mtoto. Na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mama.

Nami sijitoi. Katika ujana wangu niliandika makombe kwa watoto wa namna hii, na nilipousikia mnong'ono ule sikuukanya. Sikuwa na habari za Daktari Trowell.

Jina lake ni Hubert Carey Trowell, na rafiki zake wakimwita Hugh. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904, akasomea utabibu katika hospitali ya St Thomas's mjini London. Mwaka wa 1929 alioa, na mwaka huohuo akaja Kenya pamoja na mkewe, Margaret, kuwa daktari wa serikali. Walikaa Machakos kati ya Wakamba. Zamani hizo nchi ya Makueni, pamoja na Mtito Andei, ilihesabiwa katika Machakos, na haikutengwa kuwa wilaya mbali mpaka 1992. Basi watu aliowatibu mwanzo wa kazi yake ni jamaa za watu hawa hawa. Mkewe alikuwa msanii. Akavutiwa na kazi za mikono za Wakamba, na baadaye, walipokwisha kuhamia Kampala, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere.

Ilikuwa katika Kenya kwamba Trowell alianza kuwaona watoto waliovimba, wenye nywele nyekundu. Madaktari wengine wa nchi hii nao walikwisha kuwaona na kuandika habari zao, kila mmoja kwa dhana yake: wengine wakasema ni minyoo, wengine malaria, wengine kaswende ya kurithi. Ni maradhi yanayodanganya macho. Mtoto aliyekonda kwa njaa kila mtu humjua, lakini huyu ana mashavu na miguu minene, na mtu asiyejua humwona amenenepa. Unono ule ni maji yaliyojaa chini ya ngozi. Na tumbo lake si tupu, kwa kuwa hula uji wa mahindi, au muhogo, au ndizi za kupika, kwa hiyo wazee wake hawaamini wakiambiwa kwamba ni njaa.

Mwaka wa 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, akawa tabibu wa hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa utabibu wa Makerere. Mulago ndipo ilipofanyika kazi yake kubwa, na ndipo pia alipokosea sana.

Yafaa tueleze kosa lake, maana lisipoelezwa habari hii haina faida. Wakati ule yalijulikana maradhi yaitwayo pelagra, yanayowapata watu wazima wanaoishi kwa mahindi matupu, ambayo nayo hubambua ngozi. Mwaka wa 1937 ikagunduliwa vitamini inayoyaponya. Trowell aliona ngozi za watoto wa Mulago zinabambuka, akahukumu kwamba hiyo ni pelagra ya watoto wachanga, na katika 1940 akaandika makala yenye jina hilo na kuitangaza rai yake kwa wataalamu wa London. Lakini vitamini iliyowaponya wagonjwa wa pelagra haikuwaponya watoto hawa. Walitibiwa kwa dawa iliyofuata jina, na jina halikuwa lao, wakaendelea kufa.

Na jina la kweli lilikwisha kutajwa. Mwaka uleule wa 1929 ambao Trowell alifika Kenya, daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, alifika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Yeye naye aliwakuta watoto waliovimba, lakini alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakulifanya: aliwauliza akina mama. Wakamwambia kwamba kwa lugha yao ya Kiga maradhi yale huitwa kwashiorkor, maana yake ni maradhi yanayompata mtoto anayeondoshwa kifuani kwa mama yake kwa sababu ya ndugu anayemfuata. Aliandika habari zao mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akalitangaza jina lenyewe, akasema kwamba anadhani kinachokosekana ni kile chakula cha kujenga mwili ambacho mtoto alikuwa akikipata katika maziwa. Bingwa mmoja wa pelagra wa London, aitwaye Stannus, alimpinga, na neno la bingwa likasikilizwa kuliko neno la mwanamke aliyekuwa wodini. Trowell alikuwa upande wa Stannus.

Kilichombadilisha ni kazi iliyofanywa kwa subira mbele ya vitanda vya Mulago. Alishirikiana na daktari Mganda, Eria Muwazi, mmoja wa wanafunzi waliotoka Makerere, na mwaka wa 1945 wakaandika pamoja makala ambayo ndani yake jina la pelagra liliachwa, maradhi yakaitwa utapiamlo mkali. Mwenziwe mwingine, Davies, mtaalamu wa kuchunguza maiti, alionyesha kwamba ini la watoto hawa limejaa mafuta na kongosho yao imenyauka. Mwaka wa 1949 Trowell aliandika tena, na safari hii akaliweka neno kwashiorkor katika kichwa cha makala yake. Kisha akaja Dean, mtafiti aliyekuwa na kituo chake Kampala, akawatibu watoto kwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, wakapona watoto ambao zamani wasingepona. Mwaka wa 1954 hao watatu, Trowell, Davies na Dean, walitoa kitabu kikubwa kinachoitwa Kwashiorkor, na ndani yake haki ya Bibi Williams imetambuliwa. Mtu aliyekuwa amekwisha kujenga sifa yake juu ya jina moja, alilibomoa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wanafunzi wake.

Sisi wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi na jambo hili halitupasi kutushangaza. Kila mwanafunzi wa chuo chetu anajua kwamba imamu huyo alikuwa na kauli zake za kale alizozitoa Iraki na kauli mpya alizozitoa Misri, wala hakuona haya kuiacha ya kwanza dalili ilipomjia. Na tabibu wetu mkubwa, Abubakar Razi, aliyesimamia hospitali katika Rayy na Baghdad, aliyeandika kitabu mahususi juu ya ndui na surua na akazitenga moja na nyingine, alijifunza kwa vitabu vya Galen ambaye hakuwa Mwislamu. Kisha akatunga kitabu kizima cha shaka zake juu ya Galen, na hali akimheshimu. Hao ndio wazee wetu. Leo kwetu mtu akishasema jambo barazani huona bora mtoto afe kuliko yeye kurudi nyuma.

Na tazama tofauti ya majina. Wanawake wa Gold Coast, waliokuwa hawajui kusoma, waliyaita maradhi kwa sababu yake: mtoto ameondoshwa kifuani. Sisi tuliosomeshwa Kurani tumeyaita kwa zina. Mwenye kusema kwamba mtoto fulani amebemendwa amemsingizia mama yake uzinifu, na hukumu ya mwenye kumsingizia mwanamke mtaharamu bila ya mashahidi wanne imeelezwa katika sura ya An-Nur, aya ya 4, wala hakuna ubavuni pake ruhusa kwa mwenye kunong'ona. Tena mama aliyesingiziwa humficha mtoto ndani kwa aibu, hampeleki hospitali, na mtoto hufa kwa ulimi wa jirani kabla ya kufa kwa maradhi.

Hali sheria yetu ilikwisha kuifunga njia ya maradhi haya. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, kunyonyesha kumewekewa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kuitimiza. Baba amelazimishwa chakula na mavazi ya mama. Na kama watataka kuachisha kabla, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Ni wanaume wangapi katika miji yetu wanaoshauriana na wake zao juu ya kuachisha ziwa? Mimba ya pili ikiingia, mtoto wa kwanza hutolewa kifuani siku moja, akapewa bakuli la uji mweupe. Na hapo Mtito Andei, sokoni, tuliona magunia ya pojo, kunde na mbaazi zilizolimwa Makueni zikipakiwa kupelekwa mijini.

Hatutaki msomaji adhani kwamba elimu ilisimama mwaka wa 1954. Baada ya hapo wataalamu walizidisha kuisifu protini hata wakapita mpaka, na mwaka wa 1974 daktari McLaren aliwaandikia wenziwe kuwakosoa kwa ukali. Hata leo wanajadiliana kwa nini mtoto mmoja hukonda na mwingine huvimba, na chakula chao ni kimoja. Mtoto aliyevimba sasa huanzwa hospitali kwa maziwa maalumu yenye protini chache, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, pamoja na dawa za kuua vijidudu, na kufunikwa asipate baridi. Chakula cha nguvu hufuata baadaye. Kumshindilia nyama na maziwa mengi nyumbani siku ya kwanza kwaweza kumwua. Mulago penyewe, tangu 1965, kuna nyumba iitwayo Mwanamugimu, ambako watoto hutibiwa na mama zao hufundishwa kupika vyakula vinavyopatikana shambani.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi kwao. Lakini hakuacha elimu. Mwaka wa 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyo ya kuambukiza katika Afrika, akionyesha kwamba mengi yaliyowajaa Wazungu yalikuwa haba kwa Waafrika. Na uzeeni, pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, aliandika juu ya faida ya makapi ya nafaka na mboga ambayo watu wa mjini huyatupa. Sisi wenye kisukari kila nyumba ya tatu tungefaidika kumsoma hapo pia, lakini hiyo ni makala nyingine. Alikufa mwaka wa 1989.

Ama mtoto wa Mtito Andei, kombe halikuandikwa. Tulimwombea dua, tukachangishana nauli, akapelekwa hospitali na mama yake na yule mchanga. Siku ya kumi baba yake alitupigia simu kwa hofu kwamba mtoto amekuwa mwembamba kama kijiti na watu wanasema amezidi. Tukamweleza kama tulivyoelezwa na daktari, kwamba yale yalikuwa maji, na sasa yametoka. Kabla hajakata simu alituambia kwamba mtoto asubuhi ile alimnyang'anya ndugu yake kijiko.