Bill Gunn: aliagizwa sinema ya mnyonya damu, akaleta kitu kingine kabisa

Wadau, wapenzi wa sinema za Wamarekani Weusi za miaka ya 70 mnazijua Shaft na Super Fly. Bastola, makoti marefu, muziki mtamu, basi. Mwaka 1972 ikatoka Blacula, mnyonya damu mweusi, na maprodyuza wakanusa pesa. Hapo ndipo anapoingia Bill Gunn, na huyu wengi wetu hatumjui.

Jamaa ni mzaliwa wa Philadelphia. Alianza kama mwigizaji New York, akachoka kupewa vijisehemu vya kupita tu, akashika kalamu. Mwaka 1970 skripti yake The Landlord ikawa filamu. Mwaka huohuo Warner Bros. wakampa aongoze Stop, akawa mmoja wa Weusi wa mwanzo kabisa kuongoza filamu ya kampuni kubwa la Hollywood. Wakaitazama, wakaifungia kabatini. Haikupelekwa kwenye majumba ya sinema.

Kisha maprodyuza wawili wakamwendea na dola 350,000: wanataka mnyonya damu mweusi, chapuchapu, wauze tiketi. Gunn akapokea hela na kutengeneza Ganja & Hess (1973). Hess ni msomi tajiri wa mambo ya kale. Anachomwa kisu cha kale cha Kiafrika na msaidizi wake (Gunn mwenyewe kaigiza!), hafi, na tangu hapo ana kiu ya damu. Halafu anakuja mke wa yule msaidizi, Ganja, kumtafuta mumewe... Neno mnyonya damu halitajwi. Kuna kanisa, kuna ulevi wa damu kama ulevi wa unga, kuna mapenzi ya watu wazima weusi wenye fedha na akili. Ni nani wakati ule alikuwa akiwaonyesha hivyo? Hess aliigizwa na Duane Jones, yule shujaa mweusi wa Night of the Living Dead (1968) anayepona mizimu halafu anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa.

Cannes waliionyesha kwenye Wiki ya Wahakiki. New York ikaondolewa baada ya siku chache tu, wahakiki wengi weupe hawakuielewa. Gunn hakunyamaza, aliandika barua New York Times Mei 1973 akiwashutumu kwa kuhukumu kazi za Weusi bila kujisumbua kuzijua. Kwa maoni yangu hiyo barua ilimgharimu, ila afadhali aliiandika.

Maprodyuza nao wakaikatakata filamu, kutoka karibu saa 2 hadi dakika 78, wakaibandika jina Blood Couple. Gunn akataka jina lake lifutwe. Bahati nzuri kopi kamili ilibaki Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, na kwa miaka mingi walioitaka walikwenda kuiona huko.

Hollywood haikumpa tena filamu ya kuongoza. Mwaka 1980 akapiga Personal Problems kwa kamera za video, pamoja na mwandishi Ishmael Reed, habari za nesi wa Harlem na ndoa yake. Akaandika riwaya na tamthilia.

Alifariki tarehe 5 Aprili 1989. Kesho yake tamthilia yake The Forbidden City ikafunguliwa New York. Ganja & Hess imekarabatiwa ikarudi kamili, na mwaka 2014 Spike Lee akaitengeneza upya kwa jina la Da Sweet Blood of Jesus. Tafuteni ile ya kwanza, ile ndefu.