JOHN RUGANDA, MGANDA ALIYEMSEMA AMIN KUPITIA ZIWA LETU

Leo tuweke mpira na bongo fleva pembeni kidogo.

Ukiwauliza vijana wenzangu wa Bukoba habari za Uganda ya zamani, wengi watakujibu Idi Amin na vita, basi. Siwalaumu. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia mkoa wetu, enzi hizo ukiitwa Ziwa Magharibi, na daraja la Kyaka likavunjwa. Ila kuna Mganda mmoja nataka mumjue, marehemu John Ruganda.

Jamaa alizaliwa 1941 Fort Portal, nchi ya Toro, ambako lugha yao na Kihaya ni ndugu kabisa. Akasoma Ntare School, Mbarara, halafu Makerere. Mwaka 1972 ikatoka tamthilia yake The Burdens. Wamala, waziri wa zamani aliyeonja jela, anaishi kimaskini na mkewe Tinka, mama anayeuza enguli, gongo yao, kwa kujificha ili watoto wale. Ni ugomvi wa nyumba moja lakini unaiona nchi nzima. Halafu mtoto wao anaitwa Kaija! Nenda Kamachumu, Muleba, uone akina Kaijage walivyojaa.

Enzi za Amin kuandika maigizo kulikuwa kucheza na roho yako. Byron Kawadwa, mwandishi na mkurugenzi wa National Theatre ya Kampala, aliuawa 1977. Ruganda yeye alikuwa ameshahamia Kenya, akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa mwalimu wa chaki tu. Aliongoza michezo jukwaani, na kikundi cha chuo kilichozunguka kuonyesha maigizo kwa wananchi.

Mwaka 1980, Amin ameshakimbia, ikatoka The Floods. Hii ndiyo iliyonikamata mimi. Mambo yanatokea kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria, hili hili letu. Tangazo linatolewa kwamba mafuriko yanakuja, wananchi wapande boti waokolewe. Kumbe boti yenyewe ndiyo kaburi. Yumo Bwogo, bosi wa usalama wa taifa, yumo Nankya, dada msomi, na yumo mzee Kyeyune, mvuvi anayejua ziwa limemeza watu wangapi.

Nilipoisoma nikawafikiria wavuvi wa Goziba na Bumbire. Sisi tulilia mwaka 1978, lakini Waganda walikuwa wameanza kulia tangu 1971 Amin alipopindua serikali. Maji ni yale yale, adui alikuwa yule yule. Jirani tuliyekuwa tunamwogopa naye alikuwa anatafuta pa kukimbilia.

Baadaye Ruganda alikwenda Canada kusoma mpaka akapata PhD, akaenda pia kufundisha Afrika Kusini. Maisha yake mengi ya kazi yalipita nje ya kwao. Kansa ndiyo iliyomchukua, Desemba 2007. Alirudi Uganda akiwa mgonjwa, akafia Kampala.

Ombi langu kwa walimu wa maigizo wa Kagera: ifanyeni The Floods kwa Kiswahili, tena pale ufukweni, mzee Kyeyune aongee huku maji yanaonekana nyuma yake. Wazee waliokimbia mabomu wakae mbele, na sisi tuliozaliwa baadaye tukae nyuma yao tusikilize.

Mnasemaje wadau? Mwageni maoni.