George Boole: Mtoto wa fundi viatu aliyegeuza fikra kuwa hesabu

Kama umeambiwa bila digrii huendi popote, hebu sikia stori ya huyu jamaa.

George Boole alizaliwa 1815 mjini Lincoln, Uingereza. Babake alikuwa fundi viatu, lakini moyo wake ulikuwa kwa sayansi, na biashara ikaanguka. Boole akiwa na miaka 16 tu akaanza kufunza ili watu wa kwao wapate kula. Akiwa na 19 akafungua shule yake. Chuo kikuu hakusoma. Hesabu ngumu alijifunza mwenyewe vitabuni.

Mwaka wa 1844, Royal Society ikamtuza medali ya dhahabu. 1849 akawa profesa wa hesabu kule Cork, Ireland, bila digrii hata moja.

Kazi yake kubwa ilitoka 1854. Boole alionyesha kwamba hoja inaweza kuandikwa kama hesabu. Chukua maneno madogo kama na, au, si. Yape alama na sheria, kisha piga hesabu hadi jibu litoke lenyewe. Wengi hawakuona faida yake. Ilibidi kungoja hadi 1937, Claude Shannon, mwanafunzi wa MIT, alipoonyesha kwamba swichi za umeme zinafuata hesabu hiyo hiyo.

Sasa inatusaidia vipi? Mtafiti wa hali ya hewa ana programu kibao: moja inasafisha data, nyingine inakokotoa, nyingine inachora ramani. Zipangwe vipi? Unaieleza kompyuta kila programu inahitaji nini na inatoa nini. Kila sharti linakuwa kweli au si kweli, kisha mashine inatafuta mpangilio usiovunja sharti lolote. Ukikosekana, unajua mapema, kabla hujapoteza siku nzima ukingoja kazi itakayokwama katikati. Hapo ndipo hesabu ya Boole inafanya kazi.

Mwenyewe hakuyaona haya. Mwishoni mwa 1864 alinyeshewa akitembea kwenda chuoni, akafunza na nguo zilizolowa, akashikwa na homa ya mapafu. Alifariki Desemba 8, akiwa na miaka 49, akiacha mke, Mary Everest, na mabinti watano.

Mmoja wao, Alicia, hakusoma chuo kikuu pia. Akawa mwanahesabu wa kutajika, na 1914 Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, kikamtunuku udaktari wa heshima.