Florence Baker: Kutoka Mnada wa Vidin hadi Ziwa Albert

Kila tarehe 8 Februari Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, na siku hiyo hutualika kuwaombea wahanga wa biashara haramu ya binadamu. Bakhita twamfahamu: msichana wa Sudan aliyetekwa, akauzwa na kuuzwa tena, hatimaye akawa mtawa nchini Italia. Leo tumtazame mwanamke mwingine wa karne hiyohiyo, ambaye safari yake ilielekea upande wa pili.

Florence Baker alizaliwa Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Romania na wakati ule ilikuwa chini ya watawala wa Austria. Vita vya mwaka 1848 na 1849 vilimwacha yatima. Mwaka 1859, akiwa bado binti mdogo, alitiwa mnadani Vidin, mji wa dola ya Waturuki kando ya mto Danube. Sisi wa Rungwe, tuliorithi kwa wazee habari za misafara ya watumwa ya Ziwa Nyasa, huelekea kudhani kwamba msiba ule ulikuwa wa Mwafrika peke yake.

Aliyemtoa Vidin ni Samuel Baker, Mwingereza mjane aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Wapo wanaolisimulia jambo hili kama hadithi tamu ya mapenzi. Sisi tunasita. Binti asiye na ndugu wala kwao hana nafasi ya kusema hapana, na mabinti wanaopandishwa basi hapa Tukuyu kwenda kufanya kazi za ndani mijini wanalielewa hilo kuliko waandishi wa vitabu. Hata hivyo, upendo ulikua kati yao, na haukuyumba hadi kifo.

Mwaka 1861 waliondoka Cairo kutafuta chimbuko la Nile. Huko Bunyoro, mtu aliyejifanya kuwa mfalme Kamurasi alimtaka Baker amwachie mwanamke huyo. Baker alimwelekezea bastola. Florence naye akasimama na kumkaripia mtu huyo kwa Kiarabu, lugha ambayo hakuielewa hata neno moja, ingawa uso wa msemaji ulitosha kuwa mkalimani. Siku chache baadaye jua lilimwangusha. Alibebwa siku kadhaa bila fahamu, na wapagazi walikwisha kutia mpini mpya kwenye sururu ya kuchimbia kaburi lake, alipozinduka. Tarehe 14 Machi 1864 aliteremka kwa miguu, akimwegemea Baker, hadi ufukwe wa ziwa ambalo Baker aliliita Albert.

Walifunga ndoa London mwezi Novemba 1865. Mwaka uliofuata mume alipewa cheo cha Sir, lakini Malkia Victoria alikataa kumpokea mke katika ikulu yake, kwa kuwa waliishi pamoja kabla ya ndoa. Kanisa nalo halifundishi vinginevyo kuhusu ndoa. Lakini aliyefungiwa mlango ni yule aliyeuzwa. Aliyemchukua aliingia kwa heshima zote.

Kati ya mwaka 1869 na 1873 walirudi, safari hii kwa agizo la Khedive Ismail wa Misri, ili kukomesha biashara ya watumwa kwenye Nile ya juu. Waacholi walimpa Florence jina la Anyadwe, binti wa mwezi, na nyumbani mwake walilelewa watoto waliookolewa kwa wachuuzi wa watu. Ukweli unatudai tuseme pia kwamba msafara huo ulibeba bendera ya Misri ili kutwaa nchi za wengine. Mwaka 1872 Wanyoro wa Kabalega walipigana nao Masindi, na Florence akarudi nyuma kwa miguu katikati ya mikuki.

Mwaka 1884, Sudan ilipowaka moto, ilipendekezwa Baker arudi huko. Florence alikataa katakata, na mumewe akamsikiliza. Baker alifariki mwaka 1893. Mjane wake aliishi Devon, Uingereza, hadi tarehe 11 Machi 1916.